Hindu Asiambiwe

Neno lilipitishwa sebuleni siku ileile ya mazishi, watu hawajapangusa hata mchanga wa kaburini miguuni: Hindu asiambiwe. Aliyelipitisha ni Ami Aboud, kaka wa marehemu, na Ami Aboud akishasema, wengine kazi yao ni kuitikia.

"Mtoto yuko ng'ambo, yuko peke yake, na ana mtihani," alisema. "Akiambiwa leo atafanya nini? Atapanda ndege? Maiti tushaizika. Atajifungia chumbani alie na kuta, kisha aanguke mtihani. Mwacheni amalize. Akimaliza, nitampigia mimi mwenyewe."

Watu wakasema kweli, kweli kabisa. Na tusidanganyane, ndivyo tulivyo. Aliye safarini hapelekewi msiba. Wangapi wameshuka uwanja wa ndege Mombasa na mashati mapya kwenye begi, ya kumpa mtu aliyezikwa tangu mwaka jana? Tunawapokea, tunawabusu, tunawaketisha, tunawapa maji ya baridi, ndipo mzee mmoja akohoe aanze kusema. Tunaita huruma.

Haya. Lakini huruma ile ya sebuleni ilimwachia mtu mmoja kazi, na mtu huyo ni Sumeiya, binti mkubwa. Maana marehemu, Mzee Uweis, alikuwa na simu, na Hindu, kitindamimba wake, humwandikia kila siku ya Mungu.

"Shika wewe," Ami Aboud alimwambia, akimtia simu ya babake mkononi. "Mjibu mawili matatu tu. Mwambie koo limemkauka, daktari amemkataza kusema."

Mawili matatu! Leo ni siku ya kumi na tisa, na Sumeiya bado ni baba.

Mwanzo alikuwa akishtuka kila simu ikilia. Sasa amezoea, na hilo ndilo linalomtisha zaidi. Anajua babake alivyokuwa akiandika: maneno manne, matano, bila nukta wala mkato. Marahaba. Umekula. Vaa koti. Anajua kuwa Mzee Uweis hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukimletea matokeo ya shule, namba moja darasa zima, atayatazama, atayakunja, atasema, "Si mbaya." Hapo umesifiwa, nenda kalale. Aliwapenda, wallahi aliwapenda, lakini mapenzi yake ilibidi uyatafute kwenye sahani: kipande kizuri cha samaki kilikuwa chako, na yeye akila kichwa.

Na hapo ndipo Sumeiya alipokosea. Jumatano, baada ya isha, Hindu aliandika kwamba amechoka, kwamba vitabu vimemshinda, kwamba anaogopa kurudi Malindi mikono mitupu. Sumeiya alikuwa amekaa na simu kitandani, naye amechoka, naye ana uchungu wake. Akaandika: Baba yako anakuonea fahari. Akatuma. Alipotaka kulifuta lile neno, alama mbili zilikuwa zishageuka buluu.

Hindu hakuandika. Alituma sauti. Alikuwa analia, maneno yanamkatika. "Baba," alisema, "tangu nizaliwe hujaniambia neno hili. Nimelisoma mara mia. Sasa nitafaulu, Baba. Utaona."

Sumeiya hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mamake yuko chumbani, amekaa eda. Hatoki, hapaki wanja, hajifukizi udi, amevaa nguo moja nyeupe iliyopauka. Mwanamke ambaye hata kwenda jikoni alikuwa akitia asumini kichwani! Hindu akitaka kumwona kwa video huambiwa mtandao mbaya. Angemwona tu, angejua. Mtoto wa Kiislamu wa mtaa wetu huu wa Shela haambiwi mara mbili maana ya mama aliyekaa hivyo.

Basi Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Sumeiya alikuwa barazani na cherehani, mawingu ya kusi yameziba jua tangu alfajiri, pamoja na Mapenzi, jirani yake anayemsaidia kushona mabuibui. Simu ya marehemu ikalia.

Baba shikamoo. Nimo kwenye treni. Leo ndiyo leo.

Sumeiya alijua leo ni nini. Nyumba nzima ilijua. Mzee Uweis alikuwa mpishi miaka kumi na mmoja kwa Mtaliano mmoja, Bwana Ernesto, mwenye nyumba nyeupe kule Kasuarina. Bwana Ernesto kwao ni Bergamo, lakini si Bergamo ya chini penye maduka na magari. Kwao ni mji wa juu, mtaa wa kale ulio mlimani, umezungukwa na ukuta. Jioni akishakula alikuwa akimkalisha mpishi wake na kumweleza: ngazi hizi, lango lile, chemchemi yenye simba wa mawe, halafu uchochoro, halafu mlango wa kijani wenye mkono wa chuma wa kubishia. Mzee Uweis hakuwahi kufika mbali kuliko Mombasa, lakini alikuwa akiwasimulia binti zake mtaa ule kana kwamba amezaliwa huko. Kitaliano alijifunza jikoni, akamfunza Hindu, na Kitaliano hicho ndicho kilichompa mtoto nafasi ya chuo huko Italia. Kila akiulizwa atakwenda lini kumwona Bwana Ernesto, alisema, "Atakwenda Hindu." Bwana Ernesto mwenyewe alikwisha rudi kwao akafa, nyumba amebaki nayo dada yake, mwanamke mzee. Watu wa Malindi waliomjua wanamwita Sinyora.

Marahaba, Sumeiya aliandika. Umekula.

Nimekula Baba. Kunanyesha. Nimevaa koti kabla hujasema.

Mapenzi aliachia cherehani. Yeye ni mtu wa Jilore, Mkristo, na hana tabia ya kumeza neno. "Bado tu?"

"Bado. Mtihani ni Jumanne."

"Sisi kwetu maiti angengoja. Angekaa mochari mpaka huyo mtoto afike amwone."

"Kwetu maiti hangoji, Mapenzi. Unajua."

"Najua. Na habari, mbona yenyewe inangoja?"

Sumeiya aliinama akatafuta sindano ambayo haikupotea.

Picha zikaanza kuja. Ngazi za mawe, zimelowa, zinapanda hadi hazionekani. Kuna kigari cha kamba kinachopandisha watu, aliandika Hindu, lakini nimekataa, nataka kupanda kwa miguu kama Bwana Ernesto alipokuwa mdogo. Ukuta mpana unaota majani kwenye nyufa. Lango kubwa la mawe meupe. Halafu vichochoro, vyembamba, nguo zimeanikwa juu hata katika mvua, na mwanamke mzee dirishani anayetazama wapita njia. Baba, ni Shela tupu! Ila imepandishwa mlimani, na hakuna anayeniuliza mimi ni wa nani.

Nzuri, aliandika Sumeiya. Endelea.

Saa sita kasoro ikaja chemchemi. Simba wa mawe meupe wameizunguka, mvua inawatiririka puani. Baba, simba wako hawa! Ulituongopea. Wadogo hawa, ni paka wa sokoni. Chini yake amejipiga picha mwenyewe, mtandio umelowa, anacheka meno yote nje.

Sumeiya akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, na kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso na kile kitambaa cheusi alichokuwa akishona. Mapenzi alimwekea mkono mgongoni.

Baada ya adhuhuri Ami Aboud alikuja kula, kama ajavyo kila siku tangu msiba, ili nyumba ya mjane isionekane haina mwanamume. Akaamkiwa, akaitikia, akamsalimu shemeji yake kupitia pazia, akaketi mkekani. Sumeiya alimpakulia wali na samaki wa kupaka. Hapo ikalia simu, si ya marehemu. Ya Sumeiya mwenyewe.

Dada, usimwambie Baba. Nimepata anwani kwenye barua ya zamani ya Bwana Ernesto. Nakunywa kahawa, nikimaliza nakwenda kubisha mlango wa kijani. Sinyora yuko hai, nimeuliza dukani. Nitampigia Baba kwa video amwone, amwone na mlango. Asiseme kitu, koo lisimuume, atazame tu. Nimebakiwa na chaji asilimia tisa, namwekea yeye, kwa hivyo usinipigie.

"Yarabi," alisema Sumeiya. "Ami, anataka kumpigia Baba kwa video."

"Mwambie mtandao mbaya."

"Yuko mlangoni kwa Sinyora. Yaani anakwenda."

Tonge la Ami Aboud lilisimama katikati ya sahani na mdomo. "Sinyora gani?"

"Dada yake Bwana Ernesto. Ami, Sinyora yupi mwingine?"

Mzee akarudisha tonge sahanini. Akatazama mkeka. Sumeiya hakuwahi kumwona ami yake akitafuta maneno.

"Nilimpigia," alisema Ami Aboud.

"Ulimpigia nani?"

"Sinyora. Siku ya tatu, baada ya hitima." Akajipangusa midomo ingawa hakuwa amekula. "Pale kaburini niliwasimamia watu nikamwombea ndugu yangu radhi. Yeyote aliyekosewa naye amsamehe. Watu wakasema tumesamehe. Lakini wasiokuwapo je? Nikasema sitamwacha ndugu yangu na dhamana ya mtu. Nikawatafuta mmoja mmoja. Nimekwenda Sabaki, nimekwenda Gede, nimekwenda hata Jilore kwa wale aliokuwa akinunua kuku wao. Na kwa Bwana Ernesto amekula chumvi miaka kumi na mmoja, Sumeiya. Ningewaachaje? Nilimpata mtu wa hotelini mwenye namba yake, akanifasiria. Yule mama akasema amemsamehe, kwa niaba yake na ya marehemu kakake. Akalia sana."

Ni jambo jema, atakayesema si jema ni nani? Ndivyo inavyotakiwa. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, mguu mbovu, amezunguka jimbo zima kwa ajili ya roho ya nduguye. Lakini hebu tazama: mchuuzi wa kuku wa Jilore anajua, mwanamke wa Kitaliano mlimani kwao anajua, na mtoto wa marehemu yuko mkahawani anamwekea babake chaji autazame mlango.

"Akifungua tu," alisema Sumeiya, "neno la kwanza litakuwa pole."

"Mpigie umzuie."

Alipiga. Ikaita mara mbili ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa mara moja. Ukaja ujumbe: Dada! Nimekwambia chaji ya Baba.

"Andika kama Baba," alisema Ami Aboud. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwambie asibishe. Atamsikia."

Sumeiya akachukua simu ya babake. Vidole vilikuwa na mafuta ya samaki, vikateleza. Usibishe mlango mwanangu, aliandika. Rudi chuoni. Akatuma, na akajiona amefika mahali pabaya zaidi ya pote alipokuwa, maana sasa hamdanganyi Hindu peke yake, anamsingizia na maiti. Miaka yote Mzee Uweis aliota mlango ule ubishwe.

Alama mbili. Buluu.

Hapana Baba, umechelewa! Uliniambia siku nikifika nibishe mara tatu kama Bwana Ernesto. Naisubiri mvua ipungue kidogo nivuke. Nauona mlango. Rangi imetoka, lakini ni wa kijani kweli.

"Lo," alisema Mapenzi, aliyekuwa amesimama kizingitini muda wote. "Mwambieni! Mtamwambia lini?"

"Mtihani ni Jumanne," alisema Ami Aboud, lakini kama mtu anayeuliza.

Pazia likasogea. Mama alikuwa amesimama pale na nguo yake nyeupe, macho makavu bila wanja, madogo kuliko yalivyozoeleka. Siku kumi na tisa alikuwa akisikia kila kitu kupitia kitambaa kile na hakuna aliyemuuliza neno. "Simu ya mume wangu," alisema. "Akiona jina la babake atapokea. Nipeni nimwambie mimi."

"Mama, kaa," alisema Sumeiya. "Aliyemwongopea ni mimi."

Hakumtazama ami yake kuomba ruhusa. Alitoka barazani, akajiegemeza ukutani, akabonyeza jina. Pale kwenye simu ya Mzee Uweis mwanawe hakuandikwa Hindu. Aliandikwa kwa jina la heshima: Mwalimu. Siku zote kumi na tisa Sumeiya aliliona jina hilo na hakuwahi kulifikiria.

Haikuita hata mara moja ikaisha.

"Baba!" Sauti ililipuka kwa furaha, nyuma yake mvua na kengele ya kanisa. "Baba, umepona koo! Ngoja, usiseme, usiseme kitu, nishabisha! Nimebisha mara tatu. Nasikia mtu anakuja. Ngoja umsikie Sinyora—"

"Hindu. Ni mimi."

"Dada? Aa, mpe Baba simu, bwana! Chaji imebaki tatu."

"Ondoka hapo mlangoni."

"Mpe Baba."

"Hindu, mamangu, nisikilize. Shika ukuta." Sumeiya alikuwa amefunga macho. Alikuwa ameyapanga maneno haya usiku mwingi sana, ya upole, ya kuzungukia, na yote yalikuwa yamekwenda. "Baba hatunaye. Presha ilimwangusha msikitini akitawadha. Tumemzika. Leo siku ya kumi na tisa."

Mvua. Kengele ikaendelea kupigwa, haina haraka. Mahali fulani karibu sana na simu, komeo la chuma likavutwa.

"Asubuhi aliniuliza kama nimekula," alisema Hindu.

"Ni mimi."

"Na koti."

"Ni mimi. Zote ni mimi. Nisamehe, Hindu, walisema una mtihani, nami nikakubali. Nisamehe."

Mlango ulifunguka, Sumeiya alisikia mbao zikikwaruza jiwe. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza kitu, kisha bila shaka akamtambua mtoto huyu ni wa nani, maana sauti ilibadilika, ikawa chini, ikarudia neno moja tena na tena. Sumeiya hajui Kitaliano, lakini neno lile hahitaji mtu wa hoteli amfasirie. 

"Dada. Yale ya Jumatano."

Sumeiya alijua anaulizwa nini. Barazani pale, na simu ya babake sikioni, aliona njia iko wazi mbele yake: neno moja tu, "Yake," na mtoto angekuwa na kitu cha kurudi nacho. Nani angemkatalia? Maiti asingekataa. Lakini alikuwa ameshamsemea babake vya kutosha, na mdomo ukakataa.

"Yangu," alisema.

Hindu alivuta pumzi. Hakulia. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe ili aelewe:

"Basi hakusema."

Sumeiya akafungua kinywa kumwambia lile jina, kwamba babake alimwandika Mwalimu, kwamba hilo nalo ni neno, ni lake mwenyewe, aliliandika kwa kidole chake. "Hindu, sikiliza, humu kwenye simu yake—"

Lakini chaji ilikuwa imekwisha. Alipiga tena, na tena, akaambiwa na ile sauti ya kampuni kwamba mteja hapatikani. Ndani, mamake alikuwa amekaa chini pale pale kwenye pazia, na Ami Aboud, sahani ya wali imepoa mbele yake, alikuwa amejishika kichwa akiuliza kama mtoto amesemaje.